Mwalimu Alipoomba Uzamivu

Mwalimu alitufundisha kwamba mgonjwa akija kuzungumza nawe, mkalishe upande wako wa kushoto. Kulia hapana, na kumkabili uso kwa uso kama karani na mteja ndiyo kabisa hapana. Mmoja wetu alipouliza sababu, alijibu, "Ni upande wa moyo," akaendelea na somo. Tukaandika. Mpaka leo ukizunguka vituo vya afya vya Singida, Ikungi na Manyoni, utamkuta muuguzi au mganga anasogeza kiti cha mgonjwa kikae kushoto kwake, na ukimuuliza kwa nini atakutajia moyo.

Sitasema alizaliwa lini wala ni wa ukoo gani. Mwenyewe hakupenda watu waanze hivyo. Alisema ukianza na ukoo wa mtu utafika mwisho bila kumwona mwenyewe. Nilimfahamu nikiwa mwanafunzi katika chuo cha afya, yeye akifundisha saikolojia, somo ambalo wenzake walilichukulia kama mapumziko kati ya anatomia na dawa. Alikuwa mrefu, mwenye koti la kijivu ambalo halikujali kama ni Julai yenye upepo au Oktoba yenye jua kali. Na alikuwa na sauti. Darasa la jirani walisoma saikolojia yake bila kujiandikisha, na mwalimu wao alizoea kusimama na kungoja amalize sentensi.

Kwa hiyo ilitushangaza kwamba mtu mwenye sauti ile ndiye aliyefundisha kunyamaza. "Usimjibu mtu kabla hajamaliza kunyamaza," alituambia wiki ya kwanza, na tukacheka tukidhani amekosea. Hakuwa amekosea. Alitupeleka wodini, akakaa na mama mmoja aliyefiwa na mtoto, na kwa muda mrefu hawakusemezana lolote. Tulisimama mlangoni tukibadilisha miguu. Mwishowe yule mama akaanza kuzungumza, polepole, na Mwalimu akainamisha kichwa kidogo kuelekea kwake, macho yakiwa yamekazwa kwenye midomo yake. Sijaona tena mtu anayesikiliza kwa uso mzima namna ile.

Sifa alikuwa bahili nazo. Ukifanya kazi nzuri kupita wote alikuambia, "Si vibaya," na siku aliponiambia hivyo nilimpigia simu mama yangu kijijini Ikungi. Ukikosea, hakukaripia. Alikuuliza swali, kisha jingine, mpaka ukafika mwenyewe kwenye kosa lako na kulikuta limekukalia njiani.

Lakini hakuwa malaika, na nisingependa mtu amsome hapa kama malaika. Mpira ulipokuwa redioni hakuna aliyemkaribia, maana alimtukana mwamuzi kama vile mwamuzi yuko jikoni kwake. Alikuwa na kiburi cha mavazi. Aliwasema waziwazi wachungaji na masheikh waliochelewesha wagonjwa kwenda hospitali, kisha Jumapili akaketi kanisani kiti cha mbele. Na yeye, aliyetufundisha somo zima la kusamehe, alikaa miaka bila kumsalimia jirani yake wa Kilimatinde kwa sababu ya mbuzi. Mbuzi wa jirani waliingia kwenye alizeti zake, jirani akasema si wake, na hapo ndipo salamu ilipokatika. Kwetu huku mtu anaweza kukunyima chumvi na mkaendelea kuishi vizuri, lakini akikunyima salamu ameshakuzika.

Ikatokea mke wa jirani huyo akaugua. Alijifungua mtoto aliyefariki, na baada ya hapo hakutoka ndani, hakupika, hakuoga mpaka aogeshwe. Mwalimu alisikia habari kwa wanawake waliokwenda kisimani. Kesho yake alasiri alivaa koti lake, akaingia kwa jirani, akampita mwenye nyumba mlangoni kimya, akaenda kukaa na yule mama. Alirudi siku iliyofuata, na iliyofuata, mpaka alizeti zikavunwa. Kila alipoingia kwa mlango wa mbele, mume alitoka kwa mlango wa nyuma. Mama yule alipona, alionekana tena sokoni, na kila aliyemuuliza alimweleza jinsi Mwalimu alivyomtoa shimoni. Wale wanaume wawili, hata hivyo, waliendelea kutosalimiana. Nilipomuuliza Mwalimu inakuwaje, aliniambia kwamba mgonjwa wake alikuwa mke, na kwamba mume hakuwa ameomba huduma.

Kitu alichokipenda kuliko mpira kilikuwa maneno ya watu. Tulipokwenda mafunzo ya vitendo vijijini, tulibeba dodoso la kupima sonona, lililotafsiriwa kwa Kiswahili safi. Huko Ilongero, alikotoka yeye, nilimuuliza bibi mmoja kama anajisikia huzuni. Akasema hapana. Kama amekata tamaa? Hapana. Kama anajiona hana thamani? Akanitazama kama niliyemkosea adabu. Nikajumlisha alama zake, nikaona ni mzima. Mwalimu akavuta kigoda, akamsalimu kwa Kinyaturu, wakazungumza habari za mtama na za mwanawe aliyehamia Kahama. Katikati bibi akasema neno, na Mwalimu akamwomba alirudie. Njiani akatueleza kwamba kwa Kiswahili lingekuwa karibu na kusema, "Nimekuwa mgeni nyumbani kwangu." Akauliza, "Hilo liko swali la ngapi kwenye karatasi yenu?"

Aliishi na swali hilo kwa miaka. Alikuwa na shahada ya uzamili, aliyoipata akiwa mtu mzima, kisha maisha yakamshika. Watoto walikuwa shuleni, mkewe akaugua muda mrefu na kufariki, na chuo kilikuwa na walimu wachache. Mimi nilihitimu, nikaajiriwa, nikasoma zaidi, nikarudi Singida nikiwa na uzamivu wa saikolojia tiba. Kila tulipokutana nilimwamkia, "Shikamoo Mwalimu," naye akaitikia, "Marahaba, mwanafunzi," kana kwamba kati yetu hakuna kilichobadilika. Nami nilipenda iwe hivyo.

Siku moja Jumamosi akatokea nyumbani kwangu Utemini akiwa na jogoo mkononi. Nikashtuka. Mwalimu hamletei mwanafunzi wake jogoo. Akakaa, akanywa chai, akauliza habari za mume wangu na watoto, na mimi nikawa nangoja habari ya msiba. Kumbe alitaka kuomba nafasi ya uzamivu katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam, saikolojia tiba, na fomu ilidai wadhamini wawili wa kitaaluma. Waliomfundisha uzamili, mmoja alikuwa ametangulia mbele ya haki na mwingine alistaafu na hapatikani.

"Mkuu wa chuo amekubali kuwa mmoja. Wa pili nimebaki na wewe," alisema. "Andika ukweli. Usinipambe kama bibi harusi."

Nilimuuliza kwa nini sasa, wakati amebakiza muda mfupi astaafu. Alisema wenzake wa rika lake wananunua ng'ombe, na yeye ng'ombe hawezi, wanamfahamu kuwa ni mwoga. Kisha akaacha mzaha. Alisema anataka kukusanya namna wazee wa Kinyaturu na Kinyiramba wanavyosema wanapoumwa moyo, na kutengeneza dodoso linaloanzia hapo. Asipofanya yeye, bibi wale watakwisha na watahesabiwa wote kuwa wazima.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kuomba nafasi ya kusoma ni kazi ya peke yake. Cheti chake cha sekondari kilikuwa na herufi moja iliyozidi kwenye jina, ikabidi aende mahakamani kuapa kwamba yeye ni yeye. Pendekezo lake la utafiti lilikuwa refu kama mahubiri, na kila nilipokata aya alilalamika kama nimemkata kidole. Kiingereza chake kilikuwa kizuri, cha wamisionari, chenye maneno ambayo siku hizi hayasemwi. Binti yake, mwalimu wa shule huko Dodoma, alinipigia simu akiniomba nimwambie baba yake apumzike. Nilimjibu kwamba mimi ni mwanafunzi wake tu, na mwanafunzi hamwambii mwalimu apumzike. Barua yangu niliiandika kwa siku kadhaa. Niliandika mambo ya wodini na ya Ilongero. Ya mbuzi niliyaacha.

Wakamwita kwenye usaili, kwa njia ya mtandao. Kilimatinde mtandao hushuka na kupanda, kwa hiyo alikuja kwangu. Nilimwekea kompyuta mezani sebuleni, nikafunga madirisha kwa sababu ya upepo, nikampa vipokea sauti vya masikioni. Alivikataa, akasema hivyo ni vya vijana wa bodaboda. Basi nikapandisha sauti mpaka mwisho, nikakaa pembeni kwenye kona nisikoonekana.

Walikuwa watatu. Wa kwanza, mwanamume mwenye sauti nene, alimuuliza kuhusu kazi zake, na Mwalimu akajibu vizuri mpaka nikajivuna. Kisha akaingia profesa mwanamke, mwenye sauti ya chini, nyororo. Alimuuliza atapataje ridhaa ya wazee wasiojua kusoma. Mwalimu alikunja uso, akasogea kwenye kioo, akaanza kueleza kwa nini hakuomba nafasi hii mapema. Profesa alingoja kwa adabu, akarudia swali. Mwalimu akatabasamu na kusema, "Ndiyo, kabisa." Wale wasaili wakatazamana. Wakamuuliza atafanya nini iwapo mzee atavurugika moyo katikati ya mahojiano, swali ambalo angeweza kulijibu akiwa usingizini. Akasema, "Ndiyo, nimejiandaa," akanyamaza.

Nilishika kingo za kiti. Kanuni zilisema msailiwa awe peke yake, na mimi sikupaswa hata kukohoa. Nilimtazama akiinamisha kichwa, macho yakiwa yamekazwa kwenye midomo ya watu wale kwenye kioo, na kioo kikiganda na kuachia, kikiganda na kuachia. Ndipo nikaelewa. Nilifanya kazi ya kutazama watu kwa miaka, nikawa sijawahi kumtazama yeye.

Walipoaga, alifunga kompyuta mwenyewe. Akasema yule mama profesa anaonekana mtu mpole. Akala wali na kuku, akapanda gari la Manyoni, na hakusema neno jingine juu ya usaili.

Jibu lilikuja baada ya wiki chache. Walimshukuru, wakamweleza kwamba hakuchaguliwa kwa kuwa majibu yake hayakuendana na maswali. Alikuja nalo kwangu akiwa na hasira, akasema siku hizi vyuo vinataka vijana tu. Nilimwacha aseme mpaka akaishiwa.

"Mwalimu," nikamwambia, "hukusikia maswali."

"Mtandao ulikuwa mbovu."

"Mtandao ulikuwa mbovu, na hukusikia."

Akageukia dirisha. Nilidhani ataondoka. Badala yake akagusa sikio lake la kulia, akasema hilo lilikufa zamani, akiwa mtoto, homa ya uti wa mgongo ilipopita kijijini kwao na kuchukua wengi. La kushoto ndilo alilosomea, alilofundishia na aliloolea. Sasa nalo lilikuwa linafifia mwaka hadi mwaka.

Nikakumbuka viti vyetu vyote vya mkoa mzima. Nikamuuliza, "Kwa hiyo upande wa moyo?"

"Moyo uko kushoto," alisema. "Sikuwadanganya."

Nikaanza kucheka, nikashindwa kujizuia, naye akanitazama kwa ukali, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Tulicheka mpaka mume wangu akachungulia. Tulipotulia, nilimuuliza kwa nini hakuwahi kumwambia mtu. 

"Nani atampa kazi ya kusikiliza mtu asiyesikia?" alisema.

Nilimjibu kwa njia yake mwenyewe, yaani kwa swali. Nilimuuliza angemwambia nini mgonjwa aliyekuja kwake na siri kama hiyo, anaificha kwa koti na sauti kubwa. Hakupenda. Uso ulibadilika, akasimama, akasema asante kwa chai. Sikumsindikiza mbali, na hakutaka. Miezi ikapita bila simu. Mume wangu alisema nimemvunjia heshima mzee wa watu, na zipo siku nilizokubaliana naye.

Ujumbe ulikuja mwisho wa masika, kwenye simu, mfupi, umeandikwa kwa herufi kubwa tupu kama tangazo la mnada. Alikuwa Dodoma kwa binti yake. Amepimwa masikio. La kulia halina dawa, la kushoto amewekewa kifaa. Kwenye mabano akaongeza kwamba fundi wa vifaa ni kijana mwenye adabu, japo anaongea kwa kupiga kelele bila sababu.

Aliomba tena. Safari hii, kwenye fomu, palipoulizwa kama mwombaji ana ulemavu, pale alipoacha wazi mwaka uliotangulia, alijaza kwamba hasikii vizuri. Kwenye usaili sikuwepo. Aliufanyia Dodoma, mezani kwa binti yake. Alinisimulia kwamba kabla hawajamuuliza lolote, aliwaambia, "Naomba msamaha, mimi nina sikio moja na nusu. Profesa, wewe hasa naomba upaze sauti." Yule mama profesa alicheka, akapaza. Walimuuliza habari ya ridhaa, na ya mzee anayevurugika moyo, na alijibu kwa kuwasimulia kikao kimoja baada ya kingine, pamoja na pale alipowahi kukosea. Wakampa nafasi.

Siku ya kujiandikisha huko Dar es Salaam alifika mapema, na koti lake, katika joto lile. Msichana wa mapokezi alimwamkia vizuri, akampa kiti kivulini na maji ya kunywa, kisha akamuuliza mtoto wake aliyemleta chuoni yuko wapi. Mwalimu akamwambia mtoto ni yeye. Alipenda sana kisa hiki na alikisimulia kila mahali, kila safari akikiongezea chumvi, mpaka mwishoni ikawa wazazi wote waliokuwa pale walisimama na kumpigia makofi.

Mara ya mwisho nilionana naye Ilongero, alizeti zikiwa zimeinamisha vichwa tayari kwa kuvunwa. Nilikuwa nimekwenda kwa kazi zangu kituo cha afya, wakaniambia Mwalimu yupo nyumba ya pili, anaongea na wazee. Nilimkuta amemaliza, ameketi kwenye benchi barazani, koti limetundikwa ukutani. Kwa mara ya kwanza nilimwona na shati tupu. Nyuma ya sikio lake la kushoto palikuwa na kile kifaa, kidogo, rangi ya udongo.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanafunzi. Karibu."

Nilisimama kwanza, kwa sababu sikuwa na hakika kama aliyeitikia ni yeye. Alisema kwa sauti ya chini. Ilinibidi nisogee. Aliona nilivyoshangaa, akaniambia kwamba alipowekewa kifaa kitu cha kwanza kumtesa kilikuwa sauti yake mwenyewe, akajiuliza watu walimvumiliaje miaka yote hiyo. Nikamwambia tulimzoea. Akasema kuzoea ni jambo baya wakati mwingine.

Tukazungumza habari za utafiti. Amepata maneno mengi kuliko alivyotarajia, hasa kwa akina mama, na mengine hajui atayaandikaje kwa Kiingereza bila kuyaua. Kisha akakaa kimya, na mimi sikumjibu kabla hajamaliza.

"Mke wangu," akasema, "nilikuwa namsifu kwa watu. Kwamba nilioa mtu wa kimya. Hata siku ya mazishi nilisema hivyo mbele ya kanisa zima."

Alifuta miwani kwa upindo wa shati.

"Pale Dodoma jioni moja nikamsifu tena, kwa binti yangu. Akaacha alichokuwa anafanya. Akaniambia, 'Baba, mama hakuwa mtu wa kimya. Mama alikuwa anaongea na wewe kila siku. Alichoka kurudia.'"

Kuku mmoja alikuwa akiparura majani karibu na mguu wake. Alimtazama muda mrefu. Nilitaka kusema kwamba hakufanya makusudi, kwamba mama yule alimpenda, mambo ambayo watu husema. Sikuyasema. Yeye ndiye aliyenifundisha kutoyasema.

"Nimemwomba binti yangu anikumbushe aliyokuwa anasema mama yake," aliendelea. "Ananiambia machache kila nikipiga simu. Mengine ni ya kawaida tu. Chumvi imekwisha. Paa linavuja pale kwa watoto. Kuna siku ya mwisho mwisho alisema anaogopa. Alinisemesha mimi, binti akiwa mlangoni, na mimi nikaendelea kusoma gazeti."

Upepo wa Singida ulikuwa umeanza, ule wa alasiri, unaobeba vumbi na kulimwaga mahali pengine. Aliniomba nikae. Nilipokaa, aligeuza mwili mzima akanielekea.

"Na wewe," akasema. "Miaka yote hii. Kuna lolote uliloniambia nisilisikie?"

Nilifikiri. Nilikumbuka mlango wa ofisi yake chuoni, mimi nikiwa msichana nimetoka kufiwa na baba, nimesimama upande wake wa kulia.

"Yapo," nikamwambia.

"Mengi?"

"Kiasi."

Akaweka kidole nyuma ya sikio, akaongeza sauti ya kile kifaa, akaishusha mikono yake magotini.

"Basi anza," akasema.